Waya wa Ruta ya Pili

Nimefanya kazi nyingi kwenye mwambao huu wa kaskazini wa ziwa, lakini sijaona majivuno ya bure kama ya kampuni ndogo ya intaneti niliyoitumikia miezi saba pale Uvira. Patron, mwenye kampuni, aliniajiri kupanda mnara, kwa sababu wenye diploma wake waliuogopa.

Ofisini, ndani ya kabati moja, kulikuwa na ruta mbili, yale masanduku yanayogawa intaneti kwa wateja. Moja ilifanya kazi, nyingine ilikaa tayari kupokea mzigo mwenzake akizimika, na kila moja ilikuwa na waya wake kutoka mnarani. Hayo ndiyo wateja waliyoambiwa. Ukweli niliujua mimi, maana niliutenda kwa mikono yangu. Patron aliniamuru nichomoe waya wa ruta ya pili, niuchomeke kwenye kisanduku kilichopeleka intaneti nyumbani kwake tu, ili mpira usigande akiwa anatazama. Ruta ya pili ikabaki inawaka taa za mbele, bure kabisa.

Akaja mhandisi kutoka Bukavu kubadilisha programu za ruta hizo. Alitangaza kwamba ataifanya kazi saa nne asubuhi, wateja wote wakiwa hewani. Kukata huduma, alisema, ni kazi ya wanafunzi. Ataanza na ruta ya pili, awahamishie huko wateja wote, ndipo aishughulikie ya kwanza, na hakuna atakayehisi kitu. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, hilo sikatai. Nilikwishausoma katika kitabu cha Kifaransa nilichokiokota chini ya meza, nikikisia nusu ya maneno. Ila kitabu kilisema kagua nyaya kwanza. Yeye alitazama taa za mbele, akaridhika. Nyuma ya kabati kulikuwa na vumbi, na shati lake lilikuwa jeupe.

Saa nne hiyo hiyo, katika chumba cha mbele tulichokodisha kwa wateja, muuguzi mmoja kutoka Mutarule alikuwa na usaili kwa video. Alitaka nafasi katika shule ya wakunga, na walimwambia watampigia mara moja tu. Alikuwa amepanda pikipiki tangu alfajiri. Alimwomba patron kazi isubiri mpaka adhuhuri; patron akacheka, akamwambia leo ana bahati ya kukutana na mhandisi wa kweli. Mama yule akanigeukia mimi.

“Ndugu yangu, haitakatika?”

Patron alikuwa ananikazia macho. Nikasema haitakatika.

Kisha nikamfuata mhandisi, nikamnong'oneza, “Shefu, ile ya pili haiko na waya.”

Hakugeuka. “Weye ulifika darasa la ngapi?”

“La ine.”

“Basi niletee chai.”

Nikamletea. Programu mpya ilipokwisha kuingia katika ruta ya pili, alitoka barazani na kikombe chake kumsimulia patron, kwa Kifaransa, makosa ya wahandisi wengine. Nikafungua kabati kwa nyuma. Nikachomoa waya kwenye kisanduku cha patron, nikauchomeka kwenye ruta. Taa ndogo ya kijani ikawaka, nami nikafunga kabati.

Alirudi, akabonyeza, wateja wote wakahama. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia muuguzi akieleza anavyomhudumia mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Hakukatizwa hata neno moja.

“Munaona?” mhandisi alisema.

Simu ya patron ikalia. Alikuwa mke wake, kutoka nyumbani. Akasikiliza, akaingia ndani amekunja uso.

“Imekatika.”

“Wapi, patron?” mhandisi akauliza. “Wateja wote wako hewani.”

Jibu alilokuwa nalo patron halikuwa la kusema mbele ya mtu. Akanitazama.

Kazi ilipokwisha, muuguzi alikuwa bado anamngoja mhandisi ili amshukuru. Alisema watu wa shule wamemsikia vizuri mwanzo mpaka mwisho, watamjibu. Akampa mikono yote miwili. Mhandisi akaipokea shukrani ile kama mtu anayerudishiwa mwavuli wake.

Patron alinivutia kwenye korido. “Rudisha ile waya.”

Nikamjibu kwamba miye nilifika darasa la ine tu, amwambie mhandisi wake. Nikachukua koti langu kwenye msumari, nikaenda kwa miguu hadi Kavimvira, pale mpakani, na mchana huo huo nilikuwa napakua malori.