Dereva Asiyesoma Majina

Pale kliniki tunamwita Mtaalamu, na sidhani kama kuna anayekumbuka jina lake la kwenye cheti. Chumba chake kiko mwisho wa korido, baada ya stoo ya magodoro. Hakuna anayempigia hodi mpaka kitu kiharibike. Mkewe alikwenda zake mwaka wa nne sasa, na wanawe hupiga simu wakikumbuka.

Mwezi ule alituhamishia rekodi kwenye mfumo mpya. Alinieleza dirishani kwangu, mapokezi: mfumo wa zamani ulikuwa wa alama za kuuliza. Unaacha nafasi mbili zenye alama hizo, namba iliyotangulia inaingia ya kwanza, inayofuata inaingia ya pili. Huu mpya unakubali majina. Nafasi hii ya mgonjwa, ile ya daktari, kila namba inakwenda kwake. Kwa hiyo yeye hakujali tena ipi itangulie. Niliitikia kwa kichwa kama msomi.

Jumatatu, daktari wa meno akakuta ameandikiwa kutibiwa na bibi mmoja wa presha. Bibi hakujivunga. Akamwambia, "Kaa, mwanangu, panua mdomo nione."

Korido nzima tulicheka. Mkuu wa kliniki hakucheka. Alimpa Mtaalamu mpaka Jumatano saa sita mchana. La sivyo tunarudi kwenye mfumo wa zamani na yeye anafungasha vitu vyake.

Siku mbili alikagua yale majina herufi kwa herufi. Yote sawa. Wa kumuuliza hana. Sisi wengine kompyuta tunajua kuizima tu. Nilimchungulia nikamkuta anakula amesimama, anaongea na kioo cha kompyuta.

Jumatano saa tano na nusu akagundua. Kile kiunganishi cha mfumo, wenyewe wanakiita dereva, kilikuwa kinapokea majina kwa heshima zote, halafu hakiyasomi. Kinafuata foleni tu, namba iliyotangulia inaingia ya kwanza kama zamani, mpaka ukiamuru kiyasome, kwa mstari mmoja wa maagizo. Akauandika, na daktari akarudi kuwa daktari.

Mkuu akamwangalia. "Mstari mmoja tu? Siku tatu?" Akaenda zake. Mtaalamu akabaki na kazi yake.

Mtaalamu akasimama katikati ya korido, uso unang'aa, anatafuta mtu. Kila mtu ana lake. Akaja dirishani, akanisimulia yote, na mimi nusu sikuambulia.

"Hebu rudia, kaka," nikamwambia. "Hapo kwenye foleni."

Akarudia tangu mwanzo, mpaka wagonjwa wa mchana wakaanza kunigongea dirisha.