Sauti ya Mkewe Masikioni mwa Wageni

Meli ya watalii imeshafunga gati katika Bandari ya Sultan Qaboos, na wageni wanamiminika kuelekea soko la Mutrah, mjini Muscat, Oman. Yaqdhan bin Humaid amesimama mlangoni mwa soko, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, na juu yake kizibao cha kijani chenye jina la kampuni.

Mume na mke kutoka melini wanampita bila ya kumwona. Kila mmoja ana visikilizio masikioni. Wanafika mbele ya duka la ubani, wanasimama, wanatazama dari la mbao, kisha wanaangua kicheko kwa pamoja.

Yaqdhan hacheki. Anajua wamechekeshwa na nani, na kwa mzaha gani.

"Huo ni wa mbuzi aliyekula ubani," anamwambia mwandishi wa makala haya kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwake na mkewe, huku akiwaonyesha kwa kidevu. "Nnaujua. Alinihadithia mie mwezi wa kwanza wa ndoa yetu. Leo anamhadithia kila mtu."

Sauti inayowatembeza wageni hao ni ya Bi Kheiria, mke wa Yaqdhan, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Imo katika programu ya simu. Mgeni analipa, anavaa visikilizio vyake, na sauti inamwelekeza apinde wapi, atazame nini na acheke wapi.

Kazi hiyo zamani ilikuwa ya Yaqdhan. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliongoza watalii kwa miguu katika vichochoro vya Mutrah, na msimu mzuri ulimpa hadi riali mia nne kwa mwezi. Programu ilipokuja, wageni wakampungukia. Kampuni yenye programu hiyo ikamwonea imani, ikampa kazi ya kuwafuata wageni kwa mbali na kuwasaidia wanaopotea, kwa chini ya nusu ya alichokuwa akipata.

Kwa hiyo mzee huyu wa miaka sitini na moja anashinda akitembea nyuma ya watu wanaomsikiliza mkewe. "Nionyeshe mume mwengine mwenye kazi hiyo," anasema, na uso wake hauna mzaha hata kidogo.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Yaqdhan hajakonda, kwani Bi Kheiria anapika vizuri. Lakini kushiriki, ameshiriki kwelikweli.

Kidonda chenyewe kilianzia Uhispania. Miaka minne iliyopita binti yao, Bashayer, aliwalipia wazazi wake safari ya Granada ili wakauone mtaa wa kale wa Albaicín, wenye vichochoro vya mawe vinavyopanda kilima, kuta nyeupe, na visima vilivyojengwa zama za Waislamu. Akawawekea wote wawili, kila mmoja kwenye simu yake, matembezi ya kujiongoza wenyewe. Mama alivaa visikilizio. Baba akakataa.

Kinyozi hajinyoi, ni kweli, ila huyu hakutaka hata kinyozi mwenzake amguse kichwa.

Msimulizi wa Albaicín alikuwa mwanamume mwenye sauti nene. Yaqdhan aliisikia ikivuja kidogo tu pembeni mwa ushungi wa mkewe. Bi Kheiria akawa anatembea huku anatabasamu. Kwenye kisima kimoja alicheka peke yake. Yaqdhan alipouliza kimesemwa nini, mkewe alimwinulia kidole asubiri.

"Kidole," anasema Yaqdhan. "Nimeoa miaka thalathini, nnainuliwa kidole kwa ajili ya mwanamme aliyomo ndani ya simu."

Hapo akafanya kosa ambalo ni mwongoza watalii tu angeweza kulifanya. Alitangulia mbele na kuanza kueleza. Mtaa hajapata kuuona maishani mwake, lakini aliueleza: kwa nini njia ni nyembamba, kwa nini madirisha yako juu, ua lile la ndani ni la nini. Naye, kama waongozaji wote wazoefu, hana desturi ya kugeuka nyuma kila mara. Anajua wageni wanamfuata.

Sauti ilimwambia Bi Kheiria apinde kushoto, akapinda. Mumewe akaenda moja kwa moja, akizihadithia kuta. Alipogeuka, msikilizaji wake alikuwa mwanamke wa Kihispania aliyekuwa akianika nguo dirishani, amemkazia macho kwa adabu bila ya kuelewa neno.

Kuuliza njia aliona haya. Alizunguka mpaka goti likamuuma, na alipompata mkewe, jua lilikuwa limeshageuka. Bi Kheiria alikuwa ameketi kwenye ukuta wa kiwanja cha juu, kinachotazamana na kasri la Alhambra, anafuta machozi huku anatabasamu. Yaqdhan alidhani mkewe hata hajatambua kwamba yeye hayupo.

Yaqdhan hakumuuliza kilichomliza. Alirudi Muscat na kinyongo chake.

Bi Kheiria alirudi na jambo jingine. Aliiendea kampuni moja ya vijana mjini, akawaambia Mutrah nayo inaweza kutembezwa vile. Wakakubali. Alipoanza kuandaa maneno alimwomba mumewe watembee pamoja. Yaqdhan akamjibu barazani, mbele za watu, kwamba yeye hasikilizi redio ndani ya mji wake mwenyewe, na akaapa kwamba sauti ile hataisikiliza kamwe.

"Nikamwacha," anasema Bi Kheiria. "Mtu akishaapa, ukimfuatafuata unampa sababu ya kuapa tena."

Programu ikatoka, wageni wakaipenda, na nyumba ikatulia kwa ule utulivu wa watu wasiogusana kidonda. Hadi mwaka huu, kampuni ilipotaka matembezi ya pili, ya kijiji cha wavuvi cha Sidab. Safari hii walitaka sauti mbili zinazozungumza, mwanamke na mwanamume. Ya mwanamke ilikuwa ya Bi Kheiria bila ya mjadala. Ya mwanamume, akawaambia wamjaribu mumewe kwanza.

Yaqdhan hakulala vizuri kwa furaha, ingawa alijitia hamnazo. Kukaa ndani ya sauti ya mkewe, badala ya kuifuata kwa nyuma, hilo alilitaka kuliko pesa.

Wakamweka katika chumba kidogo, peke yake na kipaza sauti. Wakamwambia aeleze Sidab. Akafungua kinywa, akasema sentensi moja, akanyamaza. Akauliza kama wanamsikia. Wakamwambia wanamsikia, aendelee. Akasema kichekesho chake kimoja cha uhakika, kile kisichoshindwa hata kwa Wajerumani. Chumba kikabaki kimya. Basi akakwama kabisa.

"Mie nnasema kwa kutazama macho ya mtu na miguu yake," anaeleza. "Akichoka nnamuona. Asiponifahamu nnamuona. Mle ndani hapana mtu. Unamwambia nani?"

Nafasi ikamwelekea kijana mmoja mtangazaji, mwenye sauti laini ya kumtoa nyoka pangoni. Yeye na Bi Kheiria wakaanza mazoezi ofisini kwa kampuni, siku mbili kwa wiki. Yaqdhan anakiri alikuwa akiuliza maswali ya ajabu. Kijana ana mke? Anakaa upande gani wa meza? Anamwita nani, Bi Kheiria au Mwalimu? Aliambiwa anamwita Mama, lakini hata hilo halikumpoza.

Nyumbani alinuna. Chai ikimwagwa, kosa la mtangazaji. Mchuzi ukizidi chumvi, ni kwa sababu mpishi mawazo yake yako Sidab.

Aliyelifungua fundo hili ni msichana ambaye hakujua kama kuna fundo. Dativa anatoka Bukoba, Tanzania, na anafanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Ruwi. Ijumaa moja ya mapumziko yake Yaqdhan alimkuta ameketi kwenye ngazi za uchochoro nyuma ya soko, visikilizio masikioni. Akadhani amepotea, akamwendea kama kazi yake inavyotaka.

Dativa alimwamkia, kisha akamweleza. "Sijapotea, baba. Huyu mama wa Kiswahili ndiye kaniambia nikae. Anasema goti lipumue kwanza. Sasa mimi goti langu zima, baba! Halafu mara ananyamaza tu, nikajua simu imezima. Hakuna nyingine inayokwenda haraka?"

Yaqdhan akamuuliza ni mama gani huyo anayesema kwa Kiswahili. Yeye alijua programu ina Kiingereza na Kiarabu, basi. Dativa akamwonyesha kwenye simu. Ya tatu, chini kabisa: Kiswahili.

Fajr, mratibu wa kampuni, anakiri kwamba ile ya Kiswahili hawakuiomba. Meli hazileti wageni wa Kiswahili. Bi Kheiria aliirekodi mwenyewe, kwa wakati wake, bila ya malipo. "Nilimuuliza nani ataisikiliza," anasema Fajr. "Akanambia, yupo."

Asubuhi iliyofuata Yaqdhan alivua kizibao cha kijani, akanunua visikilizio sokoni, akasimama mlangoni kama mgeni aliyeshuka sasa hivi.

Sauti ikaanza kumtembeza. Haikumweleza ubani unatoka wapi wala dari limechongwa lini, iliyajua anayoyajua. Ilimwambia ashuke taratibu, ukuta uko kushoto, aushike. Alipofika kona ya mafundi fedha kwa mwendo wake wa kuchechemea, nayo ikawa imefika papo hapo. Kwenye zile ngazi ikamwambia akae, goti lipumue, na hapo ndipo goti lake la kushoto lilipoanza kumkaba. Kila mahali ilimngoja, wala haikumtangulia.

Kisha, chini ya dirisha moja la mbao ambalo Yaqdhan amelieleza kwa wageni maisha yake yote, sauti ya mkewe ikasema: "Hapa najua una lako la kusema. Haya, sema, nakusikiliza."

Ikanyamaza. Yaqdhan akangoja. Kimya kikaendelea. Akatazama kushoto na kulia, akaona haya, halafu akaanza kueleza. Alilieleza dirisha lote, na fundi wake, na yule mpwa wa fundi aliyekimbilia Tanga. Mwenye duka la vitambaa akatoka nje kumtazama mzee anayezungumza na ukuta. Alipomaliza tu, sauti ikasema, "Ahsante. Twende."

"Nililia," anasema Yaqdhan waziwazi. "Nnakwambia kweli, nililia pale njiani. Miaka mitatu nimewaonea wivu watu kwa sauti ya mke wangu, na yangu ilikuwa imekaa mle inanisubiri."

Alilisha maskini kumi kuwa kafara ya kiapo chake. Kwa Bi Kheiria hakuomba radhi kwa maneno; watu wazima kama hawa wana njia nyingine. Aliingia jikoni, akamuuliza yule bwana wa Albaicín alisema nini hata akamliza.

Bi Kheiria akamwambia. Msimulizi alikuwa amewaambia wasikilizaji wake, mkifika hapa juu, mgeukieni mliyekuja naye, mtazameni kabla ya kulitazama kasri. Naye aligeuka, na pembeni yake hapakuwa na mtu. Machozi yakamtoka; kisha akadhani mumewe amesimama mahali anamtazama, ndiyo maana akatabasamu.

Yaqdhan anasema jibu hilo lilimkata maini kuliko wivu wote.

Wiki iliyopita aliiomba kampuni jambo moja: asiwekwe tena chumbani. Akafungiwa kipaza sauti kidogo kifuani, na mkewe chake, wakaenda Sidab kutembea na kuzungumza. Akitazama macho yake, maneno yakaja. Yalikuja mengi mno. Fajr anasema sehemu kubwa ya walichorekodi ni mabishano ya njia ipi inateremka pwani, na kwamba wakubwa bado wanapima kati ya mabishano hayo na sauti laini ya mtangazaji. Uamuzi utatoka kabla meli za msimu ujao hazijaanza kuingia.

Je, wivu umekwisha? Yaqdhan anatikisa kichwa. Umegeuka upande tu. Juzi mgeni mmoja alivua visikilizio katikati ya mzaha wa mbuzi ili ajibu simu, naye akamfuata hadi kituo cha teksi kumwambia arudie, amekosa mwisho wake.

Na wakimchagua mtangazaji? Yuko barazani kwake, analisugua goti. Anasema itamuuma, hatadanganya. Lakini ile ya Kiswahili haikuombwa na mtu, na bado ilifanywa. Naye amekusudia kuifanya yake, ya Sidab, kwa msikilizaji mmoja, ashinde au ashindwe.

"Nitamwambia pinda hapa, tazama kule," anasema. "Halafu penye lake la kusema nitanyamaza, nimsubiri."

Bi Kheiria, anayemimina kahawa, anasema kupinda na kutazama ataviweza. Hilo la kunyamaza atalisadiki siku atakapolisikia.