Kigelegele Kwenye Upepo wa Maisaka

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa nne, saa tisa na nusu alasiri. Saa nina uhakika nayo kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani, nikisubiri muda wa Mama kumeza dawa, na hiyo saa ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kuanguka.

Mama alikuwa ametoka hospitali siku chache tu nyuma, amejifungua kwa upasuaji. Alikatazwa kunyanyua kitu chochote kizito kuliko mtoto. Baba alikuwa safarini na lori, amebeba vitunguu. Bibi, mama yake Mama, alikuwa ameteremka kutoka milima ya Mbulu kuja kumwogesha mjukuu na kupika uji. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne: mmoja hawezi kuinuka, mmoja bado hajui hata kulia vizuri, mmoja mzee, na mimi.

Mimi siongei. Siyo kwamba siwezi. Darasani mwalimu akisema nisome kwa sauti, naanza, halafu sauti inapungua mpaka mwenzangu wa dawati anamalizia. Kwaya naimba kwa kuchezesha midomo. Hata dukani, ng'ambo ya barabara, huwa naonyesha kwa kidole tu, na Hajji mwenye duka ananifungia sukari bila kuniuliza. Niko kidato cha tatu na watu wengi wa mtaa wetu wa Maisaka hawajawahi kunisikia.

Bibi alikuwa uani anaanua nepi. Aliingia ndani akiwa amezikumbatia zote, akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Huu naujua," akasema.

"Nini, Bibi?"

"Huu upepo. Umerudi."

Sisi tumekulia na habari za upepo wa zamani, ule uliopiga kwao wakati Mama ni mchanga. Babu ndiye alikuwa wa kwanza kijijini kuezeka bati. Watu wote walikaa kwenye nyumba fupi zilizochimbiwa kwenye mteremko, juu udongo, na yeye akajenga ndefu, inayong'aa, watu wakatoka mbali kuja kuitazama. Upepo ulipokuja zile fupi haukuzigusa. Paa la Babu uliling'oa zima, likaondoka, Bibi anasema, kama mtu aliyeitwa. Bibi mwenyewe alimtumbukiza Mama ndani ya kihenge, juu ya mahindi, kisha akaulalia mdomo wa kihenge kwa kifua mpaka upepo ukachoka. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi na kila mara bati linaangukia mbali zaidi. Nilidhani ni ya kutufanya tumalize chakula.

Basi upepo ukashuka kutoka upande wa Mlima Kwaraa, na haukuja kidogokidogo. Vumbi lilifunga madirisha. Saa ikaanguka. Halafu kwenye kona ya chumba cha Mama, pale ukuta unapokutana na paa, nikaona mwanga. Ukazibika, ukafunguka tena, mpana zaidi. Paa lilikuwa linapumua.

Mama alikuwa amemlaza mtoto ubavuni na kumwinamia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mimi siwezi kutoka hapa. Fanyeni kitu." Nje mvua ilikuwa inakuja, unaiona imesimama kule Bagara kama ukuta. Paa likiondoka, ingewamwagikia wote wawili kitandani, yeye na mshono wake mbichi na mtoto wa siku chache.

"Kamba za baba yako," Bibi akasema. "Za turubai."

Zilikuwa stoo. Tukafunga jiwe kwenye ncha moja, nikarusha juu ya nyumba. Mara ya kwanza upepo ulinirudishia, nusura unipige. Mara ya pili likavuka. Tukaifunga ncha ya pili kwenye shina la mparachichi, tukazunguka upande wa ile kona, tukaning'inia. Lakini Bibi ni mwepesi kama debe tupu na mimi sijamzidi sana. Paa lilipopumua lilituvuta wote wawili juu. Nilihisi viatu vinaacha ardhi.

"Watu," Bibi akasema. "Tunataka watu. Ngoja nipige yowe."

Kwetu yowe halichezewi. Ukilisikia, unaacha jembe, unaacha sufuria motoni, unakimbia, na wewe unalipokea unalipiga ili wa mbali wasikie. Bibi akavuta pumzi. Kilichotoka kilikuwa kikohozi.

"Kifua hakina kitu," akaniambia. "Mke mwenzangu, piga wewe."

Nikafungua mdomo. Na hapo ndipo niliposikia kwamba Maisaka nzima ilikuwa inapiga yowe. Nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, kule chini karibu na kisima. Kila ua lilikuwa linaita na kila ua lilikuwa linasubiri kuitikiwa. Nani angekuja kwetu na kwake kunalia? Yowe likanikaukia palepale.

Kilichotoka ni kigelegele.

Nitasema ukweli. Ndiyo sauti kubwa pekee niliyokuwa nimejifunza maishani. Wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi bafuni, kwa ajili ya ubatizo wa mtoto, ili mashangazi wasiseme dada mtu hawezi hata kumshangilia mdogo wake. Nilikuwa najiziba na taulo nisisikike. Sasa taulo hakuna na mikono iko kwenye kamba, sauti ikatoka yote, kali, ndefu, ikapanda juu ya upepo.

Bibi akanigeukia. "Unashangilia nini, wewe?"

Nikapiga kingine, na kingine, kwa sababu niliogopa nikinyamaza nitaanza kuona aibu.

Kichwa kikatokea juu ya michongoma. Mama Pacha, jirani yetu, kanga imefungwa kidevuni kama mgonjwa wa meno. "Nani anashangilia kiama?" akauliza. Halafu akaona kamba, akaona kona ya paa ikiinuka, akapita katikati ya michongoma bila kutafuta njia. Nyuma yake Hajji akaja anavuka barabara, kanzu ameikusanya mkononi, na vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wamejikinga kwenye baraza la duka lake.

Mama Pacha baadaye alieleza. Mayowe alikuwa anayasikia, akajiambia kila mtu na lake. Lakini kigelegele, katikati ya hali ile, akasema ama kuna mtu amepata wazimu ama yule mzazi amejifungua mara ya pili. Ikabidi aje aone.

Wakaishika kamba. Paa likashuka kwa kishindo, na kutoka ndani sauti ya Mama ikasema, "Limekaa. Msiachie."

"Ni huyu ndiye aliyekuwa anapiga?" Hajji akauliza, anahema. "Huyu anayeniagiza sukari kwa kidole?"

"Huyohuyo," Bibi akasema.

"Basi kuanzia leo kidole sikipokei."

Nilicheka. Sijui mtu anachekaje akiwa amening'inia kwenye kamba, lakini nilicheka, na paa likajaribu tena kupanda, na safari hii hatukuondoka ardhini.

Tukakaa hivyo muda mrefu. Ndipo nikajua kwamba upepo wa zamani haukuwa wa Bibi peke yake. Hajji alisema yeye ulimkuta hapahapa Babati, kijana, dukani kwa marehemu baba yake. Ulifungua duka kwa juu kama kopo, ukachukua majora ya vitenge, na kesho yake walikwenda kuyaokota ziwani, kwenye matete, huku viboko wanawatazama.

"Kiboko mmoja alivaa kabisa," akasema.

"Hajji, na wewe," Mama Pacha akasema. Yeye ulimkuta shuleni, darasa la kwanza. Mwalimu aliwalaza chini wote, wakashikana miguu, kila mmoja ameshika wa mbele yake, na walipoinuka waliona mawingu mahali pa dari. "Mpaka leo nikisikia bati linalia nashika mguu wa mtu. Muulizeni mume wangu."

"Kwetu ulianza saa za asubuhi," Bibi akadakia.

"Bibi, tuvute kwanza," kijana mmoja akasema. "Hadithi baadaye."

"Vuta huku unasikiliza. Mikono haina masikio."

Kisha kikaja kipigo cha mwisho, kibaya kuliko vyote. Tulijilaza nyuma mpaka makalio yakagusa chini. Nikasikia misumari inang'oka, kwii, moja baada ya nyingine, nikasema limekwenda. Lakini sauti ilitoka ng'ambo ya michongoma. Bati likapita juu yetu, likageuka, likafuatwa na lingine na lingine, kuelekea kijiji cha Sigino. Mama Pacha aliyafuata kwa macho.

"Hayo ni ya kwangu," akasema. "Ya jikoni."

"Usiachie," Bibi akamwambia.

"Naachia niende wapi? Niyakimbize angani?"

Hakuachia. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye kamba na niliona mikono yake. Haikulegea hata kidogo.

Halafu mvua ikafika, nzito, na upepo ukakatika kama umeamriwa. Tukaifunga kamba kwenye nguzo ya uzio, tukaingia ndani tunachuruzika. Mama alikuwa amekaa kitandani, mkavu. Mtoto alikuwa amelala, mkavu. Mama Pacha akamgusa kichwani kwa kidole kimoja tu, kwa sababu mwenyewe alikuwa tope tupu, akasema, "Umewasumbua watu, bwana mdogo."

Kufika jioni nyumba yetu ilijaa. Waliopoteza paa walikuja na magodoro yao na watoto wao, kwa kuwa kwetu palikuwa na mahali pa kukauka. Tulishukuru Mungu, hakuna aliyekufa mtaani. Bibi alipika makande kwenye sufuria la sherehe. Na kila aliyekuwa na umri wa kukumbuka akatoa upepo wake wa zamani, wakabishana ulitokea wapi na nani alipoteza zaidi, wanacheka kwa vitu ambavyo nina hakika havikuchekesha siku ile.

Mama, ambaye hajawahi kuchangia hadithi hiyo kwa kuwa alikuwa mchanga, akasema kitu ambacho hata Bibi hakukijua. Akasema hakumbuki kihenge, lakini mpaka leo akinusa mahindi makavu, usingizi unamjia, popote alipo. Bibi akaacha kukoroga. Akamchotea Mama makande, akaongeza, akaongeza tena mpaka bakuli likamwagika.

Kisha kijana wa bodaboda akasema, "Sasa na huu wa leo nani atauhadithia? Mwenye kigelegele yuko wapi?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa mlangoni na upawa mkononi. Nikahadithia. Sikuhadithia vizuri, nilianza katikati, sauti ilitetemeka, na watu walicheka mahali ambapo sikuwa nimepanga wacheke. Lakini nilifika mwisho, na hakuna aliyenimalizia.

"Mabati ya Mama Pacha yameangukia wapi?" mtoto mmoja akauliza.

"Sigino," nikasema.

"Mwaka kesho yatakuwa yamefika Singida," Mama akasema, na Bibi akajifanya hakusikia.

Asubuhi, kabla kengele za kanisani hazijalia, nilitoka. Nilishika njia ya Sigino, nikawa napiga hodi nyumba moja hadi nyingine. Shikamoo, naulizia mabati. Marahaba, hapa hayakupita. Manne niliyakuta shambani, yamelaza mahindi. La tano lilikuwa nyumbani kwa mzee mmoja, tayari amefunika banda la kuku.

"Bati ni bati, binti," akasema. "Yote yanafanana."

"Hili la kwetu, Babu. Ligeuze. Pacha wa jirani walilipiga viganja vya rangi ya bluu, wakachapwa."

Akaligeuza. Viganja vinne, vidogo. Akacheka, akasema basi kuku watavumilia, akanisaidia kuyafunga na kunitwika yale ya kwanza. Nilirudi kuyafuata mengine.

Mama Pacha alikuwa anapika nje, chini ya anga, moshi unamfuata kila anapohamia. Nikatua mzigo. Nikamwomba nyundo na ngazi. Alinitazama, kisha akaingia ndani akatoka navyo, na misumari kwenye kopo la maziwa. Akaishika ngazi kwa mikono yote miwili. Nikaibana misumari kwa meno, nikapanda.