Nilipokea Jani la Isale kwa Mkono, Moyo Wangu Ukakataa

Naomba mnifiche jina, maana huku Kilema tunajuana hadi mbuzi wa jirani. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, Mkatoliki, nina watoto watatu na wajukuu wawili. Mume wangu, nitamwita Baba Manka, alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima, ila sasa magoti yamemstaafisha. Hanipigi, hana nyumba ndogo, na pombe anakunywa kwa kiasi. Najua wengine mtasema, sasa unalia nini? Someni kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wanang'oa mibuni wapande nyanya, na kampuni za watalii zinafunguliwa kila kona ya Moshi. Mwenye miguu alikimbilia mlimani, na wangu akiwemo. Nyumbani alikuja kubadilisha nguo tu. Basi Ijumaa moja asubuhi nakata majani ya ng'ombe, namwona anateremka na hema la kijani aliloachiwa na mgeni.

"Mama Manka, weka panga chini. Kesho tunapanda meli Tanga, tunakwenda Unguja, Jumatatu tunarudi."

"Meli gani?"

"Ya baharini. Kwani umeona meli migombani?"

Kumbe dereva rafiki yake alikuwa anateremka hadi Mombo na gari tupu. Tungelala hapo kwenye hema, asubuhi tukamate basi la Tanga, saa sita tuwe melini. Mimi bahari nilikuwa sijawahi kuiona hata siku moja. Nilivaa gauni langu la Pasaka, nikamkimbiza Manka kwa mama yangu. Mama aliosha kichupa cha dawa ya kikohozi, akanipa. "Mwanangu, niletee maji ya bahari. Wanasema yanatuliza miguu." Miguu ya mama ilikuwa imevimba mwaka mzima.

Nisiwe mnafiki, jioni ile Mombo nilifurahi. Alisimamisha hema kando ya mto, akanipikia supu ya kuku, akanipakulia mimi kwanza. Tangu anioe sijawahi kukaa nikaandaliwa na mtu. Nikasema moyoni, kumbe hivi ndivyo wageni wanavyofaidi.

Asubuhi tulipoanza kukunja vitu, tukaona lori la watalii limeegeshwa karibu yetu. Mpishi wao alikuwa hoi kwa malaria. Dereva wa lori alimfahamu mume wangu, akamwita, "Kaka, tuokoe, hawa hawajanywa hata chai." Baba Manka akaniambia, "Chai tu, mke wangu. Mara moja." Chai ikazaa mayai, mayai yakazaa chapati za maji. Basi la kwanza likapita. Nikamfuata jikoni, akanipa kisu na karai la viazi. "Nisaidie tumalize haraka." Na mimi nikakaa nikamenya! Nimevaa gauni la Pasaka, namenya viazi vya watu nisiowajua. Saa sita, meli inang'oa nanga Tanga, mimi naosha masufuria mtoni.

Wageni wakampenda, wakamwomba awapikie siku mbili zaidi huko Lushoto. Akakubali bila kuniuliza. "Meli ipo kila wiki, Mama Manka. Kazi haiji kila wiki." Nikapanda basi la kurudi Moshi peke yangu, na kichupa kitupu kwenye mkoba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, nikamrudishia kichupa chake, nikasema sirudi. Baada ya siku chache Baba Manka akaja na baba yake mdogo, ameshika jani la isale. Kwa msio wa huku, isale ni mmea tunaopanda kuzunguka vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo. Aliyekosa akikuletea jani lake, hukatai, na ukishalipokea, jambo lile halifukuliwi tena. Nikamwangalia mama. Akasema, "Mwanangu, isale haikataliwi. Pokea." Nikapokea. Kwa mkono nilipokea. Moyo haukupokea, na hilo sijamwambia mtu hadi leo ninapowaandikia.

Miaka miwili baadaye mama alifariki. Kichupa nilikikuta kabatini kwake, bado kitupu.

Meli ya kila wiki sikuipanda kamwe. Nikalea, nikakamua, nikanyamaza. Lakini kinachonitoa machozi ni kwamba mume wangu anaikumbuka safari ile kama sherehe! Juzi kwenye ubatizo wa mjukuu alisimama mbele ya watu, "Huyu mama nilimpeleka kambi Mombo kabla hamjajua utalii wa ndani!" Watu wakapiga makofi. Nami nikacheka, kwa sababu nilipokea isale. Nikisema, mimi ndiye mkosaji.

Sasa Manka ametukatia tiketi za boti, Tanga hadi Unguja, mimi na baba yake. Baba Manka amefurahi kupita kiasi. Ameshusha hema lile lile darini, amelifua, anasema lazima tulale Mombo pale pale, "tukumbuke raha zetu." Mimi nataka kwenda na dada yangu, nijaze maji ya bahari kwenye kichupa cha mama, nikayamwage kaburini kwake. Lakini nikimwacha ataniuliza kwa nini, na jibu lake nililifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikienda naye, naogopa nitaimalizia hasira yangu pale mtoni.

Ninavyoandika hivi, hema liko kwenye kamba nje. Ananiita, "Mama Manka, njoo ushike upande huu tulikunje." Ndugu zangu, nikashike, au nikaseme? Nijibuni upesi, limeshakauka.