Vigae Vyekundu vya Bi Mwanafatuma

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. La, nasema uongo, ni ishirini na tatu, maana meno yangu ya mbele yalikuwa yamekwisha kung'oka. Nilikuwa Msambweni, napita tu kama kawaida yangu, nikamkuta Mapenzi penye nyumba ya wageni iliyobomolewa, amechuchumaa mbele ya rundo la vigae vyekundu vya sakafuni.

Mapenzi ni mtu wa Samburu, ile ya Kinango. Alichunga mbuzi, akaosha vyombo hotelini Diani, kisha, akiwa tayari mama wa watoto wawili, akaingia chuo cha ufundi kusomea vigae. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza bila fundi mwingine juu yake: baraza ya Bi Mwanafatuma, kisiwani Funzi. Bibi alitaka vigae vilazwe kwa pembe, kama almasi. Vyekundu vile havitengenezwi tena, na atakavyoviacha Mapenzi pale vilikuwa vya mtu wa Tiwi, ambaye lori lake lilikuwa likinguruma pale nje. Vikipungua, baraza itabaki na shimo, na nani atamwita tena fundi wa namna hiyo?

Kombe, mwenye mashua, alikuwa na haraka, maji yanatoka na mashua isije ikakwama. "Baraza uliipima vipi, dada?"

"Kwa kigae chenyewe, pembe hadi pembe. Urefu mara kumi, upana mara saba."

"Basi sabini! Hata mbuzi wenu wanajua."

"Mbuzi wetu hawajatandika sakafu, kaka Kombe."

Lakini aliliangalia rundo tena. Akanigeukia. "Babu, kigae ni futi moja kila upande. Pembe hadi pembe inazidi futi, ni kipeuo cha pili cha mbili, namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata mbili. Sasa urefu ni vipeuo kumi vya mbili, niuzidishe kwa upana, vipeuo saba vya mbili. Namba za nje ya kipeuo, kumi kwa saba, sabini. Za ndani, kipeuo kwa kipeuo, mbili. Sabini mara mbili, mia na arubaini."

"Mara mbili nzima?" nikauliza.

"Darasani ndivyo ilivyokuja. Sijawahi kuiona chini kwa vigae vyenyewe."

"Utanizamishia mashua kwa mzigo huo, wewe na darasa lako," Kombe akasema.

Basi akaijaribu mchangani. Akalaza vigae vinne kwa pembe, viwili kwa viwili, akachora sanduku kuvizunguka. Loo, mapengo! La katikati likameza kigae kizima. Ya pembeni na ya kwenye kona yakameza vitatu vyenye ufa, alivyovikata vipande. Akahesabu kwa kidole: vinane. Nne mara mbili.

Alishusha pumzi, akacheka mpaka akakaa chini. Kombe naye akainama, akahesabu mwenyewe, akaanza kupakia vigae mashuani.

Nikapanda nao, sikuwa na pa kuwahi. Vigae vikatosha, na kona ya mwisho ya baraza ilipojazwa, Bi Mwanafatuma alitembea peku juu yake, akasema, "Alhamdulillahi, baridi yake tamu." Mapenzi akawapigia wanawe simu, wote wakipiga kelele.

Lakini jambo moja limenibaki kichwani. Kipeuo kile cha mbili, ukikitafuta kwenye simu, kina mkia wa namba usiokwisha baada ya nukta. Kikizidishwa kwa chenyewe, inatoka mbili kavu. Sasa ule mkia wote huenda wapi?