Taa za Nyuma za Mama Tela

Mume wa kwanza wa Mama Tela aliondoka na lori walilolinunua pamoja, akamwachia watoto wawili na kitanda kilichovunjika mguu. Watu wakamuuliza yeye alikosa nini. Ndivyo dunia ilivyo: mwanamke akiachwa huulizwa alifanya nini, mwanamume akiacha huulizwa ameoa wapi.

Hakwenda kulia mlangoni kwa mtu. Alikuwa ameshajua kuendesha, akaomba kazi kwenye gereji ya tajiri mmoja mwenye malori ya kubebea mitambo. Akapewa lori kuukuu la kuvuta tela, na juu ya tela hupakiwa kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimba mitaro. Jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Akawa Mama Tela.

Hapo gereji ndipo alipokutana na Fundi, mjane, mpole, mtu wa nyaya na taa. Alimchunguza miaka kabla ya kumkubali. Fundi hakumharakisha. Hata kwenye ndoa alikuwa hivyohivyo: akikosewa ananyamaza, akifurahi anapika chai.

Sasa miezi hii miwili Fundi alikuwa amebadilika. Alasiri anatoweka. Akiulizwa alikuwa wapi, anasema, "Nilitoka kidogo." Juma lililopita alitumwa ndizi mbivu akaleta mbichi, ngumu kama mawe, na bado anamwambia mkewe, "Zimeiva vizuri hizi." Mama Tela alizitazama zile ndizi, akamtazama mumewe. Mtu ambaye akili yake iko nyumbani haleti ndizi za namna ile. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye alikuwa ameumwa mpaka kwenye mfupa.

Asubuhi hiyo ya safari waligombana, yaani yeye aligomba na Fundi akasikiliza.

"Jana pia ulitoka kidogo?"

"Nitakwambia, mama. Nipe siku chache."

"Siku chache za nini? Za kumtafutia chumba?"

Fundi akachukua koleo lake. Alikuwa amemaliza usiku uliopita kubadilisha waya wa taa za tela, ule wa zamani uliburuzwa barabarani ukachunika. Kawaida yao, kabla ya gari kutoka, yeye husimama nyuma ya tela, mkewe anawasha taa moja moja, naye anajibu kwa sauti. Siku hiyo Mama Tela hakungoja. Alipanda, akapiga mlango, akaondoka na kijiko chake mgongoni, Fundi amesimama na koleo mkononi kama mtu aliyeachwa na gari la msiba.

Barabara ya kule ilikuwa ya milima na kona. Ukivuta kijiko kupanda mlima unakwenda mwendo wa bibi harusi, na nyuma yako wanajipanga watu wote ambao leo wamechelewa kuamka. Wanapiga honi kana kwamba honi inasukuma. Mama Tela hakuwachukia. Alikuwa na mazungumzo nao kwenye kioo cha pembeni. "Ndiyo, baba, nimekusikia. Hata mimi nina haraka, ila huyu niliyembeba hana."

Tena alikuwa na adabu ya wavutaji wote wa mizigo. Anayevuta ndiye anayeona mbele, kwa hiyo huwasemesha wa nyuma kwa taa. Taa ya kulia ikiwaka, subiri, kuna gari linakuja. Ya kushoto ikiwaka, pita, njia nyeupe. Madereva wa njia ile waliiamini taa ya Mama Tela kuliko macho yao.

Nyuma yake siku hiyo kulikuwa na gari dogo jeupe, lenye honi kali kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Walipokaribia kona, Mama Tela aliona lori la mbao likiteremka. Akawasha kulia. Subiri.

Gari jeupe likachomoka kupita.

Hakuwa na muda wa kupiga kelele. Alikanyaga breki taratibu huku akijibana pembeni mpaka matairi ya tela yakala majani, kijiko kikayumba na minyororo yake ikalia. Gari jeupe likapenya katikati kama uzi kwenye tundu la sindano. Lori la mbao likapita likitukana kwa honi.

Mwenye gari jeupe alisimama mbele, akashuka, akalikimbilia lori. Kijana wa tai.

"We mama, unataka kuniua? Umeniambia nipite!"

"Mimi? Nimekuwashia kulia, una macho ya mapambo?"

"Kushoto! Naapa kwa mama yangu, imewaka kushoto!"

Kilikuwa kiapo cha mtu aliyeogopa kweli. Mama Tela akameza tusi lake. "Nenda kasimame nyuma." Kijana alipofika nyuma, akawasha kulia.

"Kushoto hiyo!"

Akawasha kushoto.

"Kulia!"

Mama Tela akazima taa. Waya wa kulia ni wa kijani, wa kushoto ni wa njano. Kijani na njano. Ndizi mbichi na ndizi mbivu. Ghafla akaona kila kitu kwa pamoja, Fundi akisogeza kikombe karibu na uso, Fundi akipapasa kizingiti jioni. Hakukuwa na mwanamke yeyote. Kulikuwa na mtu anayeingiliwa na giza na hataki kusema.

Kijana wa tai alirudi dirishani. "Mama, mbona unalia? Sijaumia."

"Sikulilii wewe."

Kijana alikuna kichwa. "Basi tangulia. Mimi nitakaa nyuma yako nawaonya wenzangu."

Na kweli alikaa, taa zake zote zikimeta. Wakampigia honi yeye sasa, naye Mama Tela alimwona kwenye kioo akitoa mkono dirishani na kuwaambia wasubiri, ana hasira kama mwenye kijiko.

Jioni alirudi gereji na uongo wake tayari: atasema waya uliungua njiani. Lakini dereva wa lori la mbao alikuwa amepiga simu. Tajiri alikuwa amesimama uwanjani, mikono kiunoni. Akamwamuru awashe taa za tela, akaona zimebadilishana.

"Nani amefunga hizi taa?"

Mama Tela akafungua mdomo. Fundi akamtangulia.

"Ni mimi, tajiri. Rangi sizioni vizuri tena. Ningesema mapema. Sikusema."

Mama Tela alimtazama. Maishani mwake hajapata kusikia mwanamume akisema ni mimi, bila kuweka lakini mbele yake.

Tajiri alipumua kwa nguvu. Akasema Fundi asiguse waya mpaka atibiwe, atafanya kazi ya kupaka grisi na kujaza upepo. Akaenda zake.

Wakabaki wawili. Fundi ameinama.

"Ulikuwa unakwenda wapi alasiri?"

"Kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Niliogopa utaniona mzigo, na wewe ulishabebeshwa vya kutosha."

"Mimi nikajua una mwanamke."

Fundi akainua uso, akacheka mpaka akashika tela. "Mwanamke gani, mama? Ndizi zenyewe zimenishinda."

Naye akacheka, huku akimfuta uso kwa ncha ya kanga, maana mwenzake alikuwa analia pia. "Ungenifanya niue mtoto wa watu leo," akamwambia polepole. "Na nisingejua ni kwa nini."

"Najua. Nimekaa hapa tangu asubuhi, sikuweza hata kula."

"Watakupasua lini?"

"Jumanne. Wewe utakuwa safarini, nitakwenda tu mwenyewe."

Mama Tela alivuka uwanja, akagonga mlango wa ofisi.

"Tajiri, Jumanne siendeshi."

"Jumanne? Watu wanangoja kijiko chao!"

"Wangoje," akasema, akaurudisha mlango taratibu, akaenda kumshika mumewe mkono, kwa sababu giza lilikuwa limeanza kuingia na njia ya kutokea ilikuwa na vyuma.