Kofia Isiyo na Nyuma

Saa tatu asubuhi, sebuleni kwake Mabela, mjini Maskati, Bi Shariffa Amur anafumua tena. Ni mara ya tatu wiki hii. Anaitazama simu, anaitazama kofia, kisha anavua miwani na kuifuta, labda kosa ni la miwani.

Kwenye simu kuna picha yake mwenyewe, iliyochorwa kwa dakika tano. Mwaka jana Bi Annelies, mchoraji kutoka Ubelgiji, alizunguka Maskati akichora watu wakiwa kazini: fundi friji wa Darsait, muuza vitunguu, na huyu mshona kofia wa miaka sitini na mbili, mzaliwa wa Unguja. Mkono wa mchoraji ulikwenda mbio, na kofia iliyokuwa mapajani akaijaza maua ya kubuni.

"Miye tangu nizaliwe sijapata kushona ua hili," anasema Bi Shariffa. "Lakini mshonaji kwenye picha ndo miye. Sasa mwongo nani?"

Asingejali, lakini Khattab, mtoto wa jirani yake, aliiona picha hiyo mtandaoni. Anaoa baada ya wiki tano na anaitaka kofia hiyohiyo. Bi Shariffa akamkubalia kabla ya kuitazama vizuri. Ndiye aliyemshonea baba yake Khattab kofia ya harusi, na hajawahi kuvunja ahadi aliyompa bwana harusi. Haraka haraka haina baraka, ila wahenga hawakusema kama ni haraka ya mchoraji au ya mshonaji.

Taabu ni kwamba picha ina upande wa mbele tu, na kofia ni duara. Akiyazungusha maua, hayakutani nyuma. Mwandishi wa makala haya naye aliyahesabu: mara yanatokea saba, mara nane.

Binti wa Bi Shariffa, Shaikha, alimwandikia mchoraji kumuuliza maua ya nyuma yakoje. Jibu likaja kwamba yeye alidhani amechora alichokiona, na nyuma hakukuona; kwani kukoje?

"Hapo ndo nkazidi kupotea," anasema Bi Shariffa. "Namuuliza yeye, naye aniuliza miye."

Anatunga uzi upya. Maua yatakubaliana? Hajui, na anaogopa. Lakini shauri amekata.

"Mbele ntamtilia hilo ua la Mzungu, alitakalo. Nyuma ntatia langu, lile la baba yake. Picha watapiga mbele. Msikitini, wanaonijua watakaa nyuma yake."